Biskuti za Idi katikati ya msimu wa cherehani

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ina msimu mmoja mkubwa kwa mwaka, nao ni kumi la mwisho la Ramadhani. Kanzu za watoto, madera, magauni ya sare ya dada watatu wa nyumba moja, mabaibui ya kupunguza urefu: vyote vinatakiwa viwe tayari kabla mwezi haujaandama. Na ni kumi hilohilo ambalo wanangu watatu huanza kuuliza, "Mama, biskuti tunachoma lini?"

Mwaka mmoja niliziacha hadi usiku wa kuamkia 30. Nilijipa moyo kwamba tutatimiza, kwa hiyo bado nina siku moja mkononi. Mwezi ukaonekana. Saa nne usiku nina kanzu nne zisizo na mikono, trei ya biskuti iko ndani ya oveni, na wateja wamekaa barazani wananisubiri. Nikaenda kumalizia mkono mmoja tu, nikaja kushtushwa na harufu. Niliharibu trei mbili, na samli ikawa imekwisha. Asubuhi sahani za majirani zikaletwa kwetu zimejaa, zimefunikwa kawa, nasi tukazirudisha na biskuti za dukani. Hakuna jirani aliyesema neno. Lakini binti yangu mkubwa, wakati ule ana miaka minane, aliniuliza kwa nini za kwetu zina karatasi. Swali lile lilinikaa moyoni mwaka mzima.

Tangu hapo nachoma biskuti kama ninavyoshona. Fundi mwenye nguo 20 mezani hashoni gauni moja toka mwanzo hadi mwisho ndipo aanze la pili. Anakata zote, anaunga zote, anapiga overloki zote, kisha anazipiga pasi zote. Biskuti nazo zina mahali pa kukatia. Kuna kupima, kuna kuunda, kuna kuchoma, na kati ya kazi moja na nyingine zinaweza kupita siku kadhaa bila kitu kuharibika. Mzazi mwenye kazi nyingi hapati saa tano za mfululizo. Nusu saa leo na saa moja keshokutwa anazipata.

La kwanza kabisa, chagua aina moja. Zamani nilitaka sinia langu liwe na aina tano kama la mama yangu. Mama alikuwa na dada zake wanne jikoni. Mimi nina mikono miwili na watoto. Sasa nachoma nankatai peke yake, na nazipamba kwa namna mbili tatu ili sinia lisikae rangi moja. Ni biskuti iliyotujia pwani na Wahindi wa Gujarati, na jina lake limebeba neno nan, yaani mkate kwa Kiajemi. Kwa mtu mwenye haraka ina sifa tatu: haina yai, kwa hiyo unga wake unatunzika vizuri, haisukumwi wala haikatwi kwa vibati, kwa hiyo hakuna meza ya kusafisha, na inapendeza ikiwa na nyufa juu, kwa hiyo mkono wa mtoto hauiharibu.

Mahitaji ya pishi moja (biskuti 43 hivi)

Samli gramu 250
Sukari ya unga gramu 200
Unga wa ngano mweupe gramu 370
Suji gramu 50
Bekin pauda kijiko kimoja cha chai
Iliki punje 10, zimenywe na kutwangwa
Chumvi, robo ya kijiko cha chai
Lozi, korosho au zabibu kavu za kupambia

Mimi hufanya mapishi matatu, ambayo ni biskuti kama 130. Nina sahani tisa za majirani na ndugu, kila moja biskuti nane. Zinazobaki ni za wageni na za watoto.

Nunua mizani ndogo ya jikoni kama huna. Nasema hivi kwa sababu ya Ramadhani hasa: umefunga, huwezi kuonja, na mwisho wa siku macho yamechoka. Mizani haichoki. Bila mizani tumia kikombe cha mililita 250 na ujaze unga kwa kijiko, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu, usishindilie. Kikombe cha ngano kilichojazwa hivyo kina gramu 125 hivi, kwa hiyo vitatu vinatosha pishi moja. Ukichota kwa kikombe chenyewe na kukandamiza, kimoja kinaweza kufika gramu 150, na vikombe vitatu vya namna hiyo vitakupa biskuti kavu zinazomeguka mdomoni kama mchanga. Sukari ya unga ni kikombe kimoja na theluthi mbili, samli ni kikombe kimoja na vijiko viwili vya chakula, suji vijiko vitano vya chakula. Kama sukari ya unga haipatikani, saga ya kawaida kwenye blenda kavu hadi isisikike punje ukiipikicha kwa vidole.

Sasa samli. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea pia. Siku moja samli ilinipungukia nikaweka siagi ya kopo, uzito uleule. Biskuti zilitandaa zikaungana, trei nzima ikawa kipande kimoja. Sababu ni maji. Samli ni mafuta karibu matupu, maana maji yake yameshakauka ilipochemshwa. Siagi ya maziwa ina maji kama sehemu moja kwa sita, na siagi ya kopo nayo ina maji yake. Kwa hiyo pishi lililopimwa kwa samli litumie samli. Na iwe imeganda. Miaka hii Ramadhani imetuangukia Februari na Machi, kaskazi tupu, na samli ya Tanga kwenye rafu inakuwa maji kama mafuta ya kupikia. Itie kwenye friji hadi iwe laini lakini imeshikana, ukiichota kwa kijiko ibaki na alama ya kijiko. Samli ya maji hailainiki na sukari ikawa povu. Inalowanisha unga tu, na biskuti inatandaa.

Hatua ya kwanza naifanya mwezi wa Shaabani, wateja wakiwa bado hawajaanza kunikimbiza. Kwa kila pishi napima unga, suji, bekin pauda na chumvi, nachanganya, natia kwenye mfuko mmoja wa nailoni mzito, natoa hewa, nafunga. Sukari ya unga naipima kwenye mfuko wake. Juu ya mifuko nabandika kipande cha utepe nimeandika pishi la 1, la 2, la 3, kama ninavyoandika jina la mteja kwenye kitambaa. Vyote vinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali pakavu. Mapishi matatu hunichukua dakika 25. Iliki sitwangi mapema, harufu yake inakimbia. Na kabla ya kupima, natia kijiko kimoja cha bekin pauda kwenye maji ya moto kidogo. Ikichemka kwa povu jingi iko hai. Ikitulia, nanunua nyingine.

Hatua ya pili ni kuunda, kati ya mwezi 15 na 20 Ramadhani, baada ya tarawehe. Inataka saa moja kwa pishi moja, na chini ya hapo ukiwa na wasaidizi. Piga samli na sukari kwa mwiko, au kwa mashine kama unayo, dakika tano hadi mchanganyiko uwe mweupe na umeumuka. Usikatishe dakika hizo, kwa sababu hewa unayoiingiza pale ndiyo inayoifanya nankatai iwe nyepesi. Tia iliki. Mimina mfuko wa unga mara mbili, ukichanganya kwa vidole hadi vishikane. Acha hapo. Usikande kama unga wa chapati. Chapati tunaikanda ili unga uvutike, na huku hatutaki uvutike hata kidogo, maana biskuti itakuwa ngumu. Unga uliokaa sawa unashikana ukiuminya kiganjani na unaacha kiganja kina mng'ao wa samli.

Kisha watoto wanaingia kazini. Binti mkubwa, ambaye sasa ana miaka 11 na anafunga, anapima donge la gramu 20 kwenye mizani. Ni kama ndimu ndogo. Mwanangu wa kati, miaka saba, anaviringisha na kubonyeza katikati kwa kidole gumba. Mdogo wa miaka mitatu ana bakuli lake la lozi na kazi moja, kuweka lozi moja kwenye kila shimo. Naigawa hivi kwa makusudi. Nikiwaachia wote wafanye yote, wanagombana na donge zinatoka kubwa kwa ndogo, na ndogo zinaungua kabla kubwa hazijaiva. Mtoto mwenye kazi yake moja anaijua vizuri baada ya donge la kumi. Mdogo simruhusu kulamba unga, ngano mbichi si ya kuliwa. Zabibu mbili tatu mkononi zinamtuliza.

Donge zikishabonyezwa, zipange kwenye trei bila kugusana, trei iingie kwenye friza saa moja au mbili hadi ziwe ngumu kama mawe. Hapo ndipo unazikusanya kwenye mfuko, na hazitashikana. Zinakaa hata mwezi mzima. Mimi sina friza kubwa. Jirani yangu anayeuza barafu na ubuyu ananipa kona ya lake, nami nampunguzia nguo za wanawe. Kama una friji tu, bonge lililofunikwa vizuri linakaa siku tatu. Kama huna friji kabisa, hatua ya kwanza bado ni yako: mifuko ikiwa imeshapimwa, kuunda na kuchoma pishi moja usiku mmoja si mzigo mkubwa, ila fanya pishi moja kwa usiku.

Moto

Kuchoma nafanya kati ya mwezi 24 na 26, na mwezi 27 ndiyo mwisho wangu. Mfungo ni siku 29 au 30, hakuna anayejua hadi mwezi uonekane, na mzazi anayepanga kwa kutegemea 30 anajipa siku ambayo huenda asiwe nayo.

Washa oveni nyuzi 170 dakika 15 kabla. Panga donge zikiachana vidole viwili. Kwanza choma moja peke yake. Kwangu mimi biskuti hiyo ni kama kumpimisha mteja nguo kabla ya kupiga pindo, ingali rahisi kurekebisha. Ikitandaa kupita kiasi, trei zilizobaki zirudi kwenye baridi na moto uongezwe kidogo, maana moto mdogo unayeyusha samli kabla ngano haijashika. Ikiwa bonge bado halijaundwa, ongeza vijiko viwili vya unga. Ikisambaratika ukiishika, kijiko kimoja cha samli au cha maziwa kinatosha.

Trei moja huchukua dakika 16 hadi 18. Zilizotoka kwenye friza zinaongeza dakika mbili au tatu, na usingoje ziyeyuke, zitie vilevile. Nankatai haitakiwi kuwa nyekundu juu. Inua moja kwa kisu uangalie tumbo lake: likiwa na rangi ya dhahabu hafifu, na juu bado ni nyeupe yenye nyufa, toa. Itakuwa laini, utadhani haijaiva. Iache kwenye trei dakika 10, itakaza yenyewe. Anayengoja ikaze ndani ya oveni anaitoa imekauka.

Kwa mkaa inawezekana, na mimi nimechoma hivyo miaka mingi, na bado narudi huko umeme ukikatika. Tafuta sufuria pana yenye kifuniko bapa cha bati. Tandaza chini mchanga mkavu, safi, unene wa vidole viwili, weka mawe matatu madogo yaliyo sawa, na juu ya mawe itakaa trei au sinia dogo. Funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Mimi hugawa theluthi moja chini na theluthi mbili juu. Moto wa chini ukizidi, matumbo yanaungua na nyuso bado mbichi, kosa la karibu kila anayeanza. Pasha sufuria tupu dakika 15. Kupima moto, nyunyiza ngano kwenye kipande cha karatasi ukiweke ndani. Baada ya dakika tano ngano ikiwa rangi ya chai ya maziwa, tia biskuti. Ikifika hudhurungi ndani ya dakika mbili, punguza makaa ya chini usubiri. Usifungue mara kwa mara, na ukifungua, inua kifuniko sawasawa majivu yasimwagikie ndani. Jiko la mkaa likae uani, kwenye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa ya mkaa inaua watu waliolala. Na watoto wakae upande wa pili wa mlango hadi makaa yazimwe.

Nina sharti moja nililojiwekea baada ya ule mwaka wa kuungua. Moto ukiwa umewashwa, cherehani imezimwa. Nakaa kwenye kigoda jikoni na kazi za mkono: vifungo, pindo za madera, kutoa nyuzi za kupigia mistari. Trei tano zikiisha, nguo sita zina vifungo. Kazi yako wewe si kushona, lakini iko tu sehemu yake inayofanyika ukiwa umekaa: madaftari ya wanafunzi, hesabu za duka, kuchambua mchele wa pilau. Ichague mapema uiweke karibu na jiko. Simu iwekwe ilie, na ilie jikoni ulipo, si chumbani.

Namna ya kupamba usijisumbue nayo sana. Theluthi ya donge napambia lozi, theluthi korosho, na zilizobaki naacha shimo tupu, zikitoka tu motoni natia jemu nusu kijiko cha chai na kurudisha kwenye moto dakika mbili. Mwaka niliokuwa na nafasi nilijaza tende: toa kokwa, pasha na samli kidogo, ponda, viringisha kama gololi na ufunike kwa donge. Ni nzuri, ila inaongeza saa nzima.

Unga huuhuu nampa jirani yangu wa Krismasi kila Desemba. Yeye anatumia mdalasini badala ya iliki, wanawe wanatia zabibu, nasi tunaletewa sahani asubuhi ya tarehe 25.

Kuhifadhi kunataka subira zaidi kuliko kuchoma. Zikiwa na joto hata dogo ndani ya kopo, mvuke unarudi juu yake na kesho zimelegea. Ziache saa moja nzima juu ya waya au kitambaa safi. Halafu zipange kwenye ndoo ndogo ya kifuniko kinachobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka, na usiifungue kila mtoto anapopita, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina unyevu na sukari inaunyonya. Ndoo yangu naiweka juu ya sahani yenye maji, sisimizi hawavuki. Hivyo zinakaa wiki mbili zikiwa vilevile. Zikilegea, dakika tano kwenye moto wa nyuzi 150 kisha zipoe tena.

Za watoto naziweka kopo tofauti, dogo, na nawaambia idadi yake. Tangu nianze hivyo hawaigusi ndoo ya wageni, na mimi sina haja ya kuificha juu ya kabati.

Usiku wa mwezi kuandama sasa nina kazi moja tu ya biskuti. Nashusha sahani tisa, nazifuta, nazipanga mezani na kawa zake. Nane nane. Binti yangu ndiye anayehesabu, nami naendelea na kanzu ya mwisho. Wakirudi kutoka kuswali Idi, kabla hawajazunguka nyumba za watu kupewa mkono wa Idi, kila mmoja anabeba sahani zake: wa kwanza upande wa msikiti, wa kati nyumba za uani kwetu, na mdogo kwa bibi mlango wa pili, naye sahani yake moja inashikwa na watu wawili.